Sumaku ya Mpira

Vudee, kwa anwani ya Posta ya Same
14 Oktoba 1991

Kwa mpwa wangu Lukia,

Pokea salamu kutoka huku milimani. Sisi ni wazima. Mama yako Raheli hajambo, ila goti linamsumbua akipanda kutoka shambani. Amenikataza nisikuandikie habari ya goti, kwa hiyo ukimjibu usilitaje. Vuli bado haijaanza. Tunasikia redioni kwamba nchi unayosomea inatikisika, na mama yako kila siku ananiuliza kama unakula. Mjibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Ile mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama, ambayo mimi ndiye fundi wake, imefungwa tangu mwezi uliopita. Mahindi yanakuja na vyuma ndani yake: misumari ya vichanja vya kupigia, waya za kushonea magunia, nati zilizodondoka kwenye malori. Chuma kikifika kwenye nyundo za mashine kinachana chekeche, na vipande vya chekeche vinakwenda na unga. Bibi Leticia, jirani yetu wa bondeni, aliuma kipande kwenye ugali akavunjika jino. Wiki iyo hiyo chekeche lilipasuka tena nami nikapata ajali kidogo, imekwisha.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti akaniambia, "Zefania, hakuna anayekulaumu. Lakini funguo nakaa nazo mimi mpaka utuonyeshe namna ya kukamata chuma kabla hakijaingia." Wamenipa hadi mavuno ya masika, mwezi wa saba. Baada ya hapo mashine itauzwa kwa mtu wa mjini.

Kwa sasa wanawake wanatwanga, au wanateremka na debe kichwani hadi barabara kuu na kurudi kesho yake. Mama yako ni mmoja wao, na goti lile.

Dawa yake ni sumaku kwenye mdomo wa mashine. Nimeitafuta Same, nimeitafuta Moshi. Siku hizi maduka yamejaa. Biashara huria imeleta sabuni za kila rangi na redio za Dubai, lakini ukiulizia sumaku ya mashine wanakutazama kama mtu anayetaka maziwa ya kuku. Nilifungua spika mbovu nikatoa ya ndani. Ilikamata misumari siku mbili, ya tatu mtikisiko wa mashine ukaipasua.

Wewe uliandika kwamba sumaku ndiyo masomo yako. Nitumie moja.

Ni mimi mjomba wako,
Zefania


Leningrad (wameshaubadilisha jina mji huu, lakini barua zinafika kwa majina yote mawili)
28 Novemba 1991

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imetembea wiki sita. Mwambie mama ninakula: viazi, kabichi, mkate mweusi. Theluji imeanza. Mimi ni mzima na kazi yangu ya shahada inakwenda vizuri. Bado miezi saba niitetee mbele ya jopo.

Sumaku sitakutumia, na nitakueleza kwa nini. Za hapa ni kama ile ya spika: unga uliochomwa mpaka ukawa kigae. Ina nguvu, lakini ni kigae, na mashine yako inatetemeka. Utapasua ya kwanza, utaniandikia nikutumie ya pili, na mama ataendelea kupanda na debe.

Ninachosomea hapa ni kitu kingine. Unachukua kigae hicho, unakisaga kiwe unga laini kuliko unga wa sembe, kisha unauchanganya na mpira. Kinachotoka kinakunjika. Unakikata kwa kisu, unakibandika unapotaka, ukikipiga nyundo hakipasuki. Nguvu inapungua, maana mpira wenyewe si sumaku, umekaa tu katikati ya punje. Ukizidisha mpira, sumaku inakuwa dhaifu. Ukizidisha unga, inameguka kama biskuti. Kwa uzito, unga tisa na mpira mmoja. Na punje lazima ziwe ndogo sana, kwa kuwa punje ndogo ni kaidi: ukishaielekeza upande mmoja, haikubali kugeuzwa.

Mjomba, hii unaweza kuitengeneza wewe. Babu zetu waliyeyusha chuma milimani humo kwa udongo na viriba vya kuvuvia moto. Moto unaoujua unatosha.

Abdulmalik, kijana wa Same tuliyekuwa naye hapa, anarudi nyumbani mwezi ujao. Nimempa kilo mbili za unga mweupe. Ni madini yanayoitwa strontiamu, na si sumu, lakini usiuvute puani. Mchanga mweusi wa mtoni, ule tuliokuwa tukiukusanya kwa sumaku ya redio nikiwa mdogo, uoshe, uchome kwenye kikaango cha chuma huku ukikoroga mpaka uwe mwekundu. Pima mwekundu mia, mweupe kumi na tano. Changanya, finyanga kama vitumbua, kausha, choma. Nimechora kila hatua kwenye karatasi ya pili.

Mistari ya barua yako inapanda kulia kama njia ya Suji. Hukuwa unaandika hivyo. Ajali kidogo ni ajali gani?

Mpwa wako,
Lukia


Vudee
2 Februari 1992

Mpwa wangu,

Salamu. Vuli ilikuja kidogo ikaondoka. Mama yako alifurahi kusikia viazi, akasikitika kusikia kabichi. Abdulmalik alifika salama, na mzigo aliushika mkononi tangu Dar es Salaam kwa kuogopa usije ukadhaniwa kitu kingine.

Nimefanya yote. Mchanga niliuosha mara kumi. Nikajenga tanuri nyuma ya nyumba kwa udongo wa mfinyanzi, na viriba viwili vya ngozi ya mbuzi. Nikachoma tangu asubuhi hadi jua la saa kumi. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kigumu, nikasema tumeshinda. Nikakisaga, nikachanganya na solusheni, ile gundi ya mpira ya fundi wa pancha, nikakielekeza kwa umeme wa betri kama ulivyochora. Hakikuinua hata pini ya nguo.

Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu. Mwenyekiti alipita akatazama tanuri, akasema, "Unaoka nini?" Nikamwambia, "Sijajua bado." Watu wameanza kusema Zefania amechanganyikiwa tangu mashine ifungwe. Waache waseme.

Nakutumia mchanga kidogo kwenye karatasi na kipande cha kilichotoka. Uangalie kosa liko wapi. Unga wako mweupe umebaki zaidi ya nusu, maana nilichoma kidogo kidogo.

Kuhusu mistari, meza imelala upande.

Zefania


Leningrad
20 Machi 1992

Mjomba, shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu.

Kosa si lako. Nimeupima mchanga kwa mashine ya miale: una madini mengine, titani, kwa wingi, nayo imeingia ndani ya punje zenyewe na hakuna kuosha kutakakoitoa. Kwa babu zetu haikuwa na shida, ilitoka na takataka za kuyeyusha. Kwetu inaua kila kitu. Nilipaswa kuomba mchanga kwanza kabla ya kukuambia uchome. Umepoteza miezi miwili kwa haraka yangu, unisamehe.

Sasa sikiliza. Mhunzi akichomoa chuma motoni na kukigonga, kuna magamba meusi yanayobanduka na kuanguka chini. Hayo ni chuma na hewa tu, hayana titani. Viwanda vikubwa vya sumaku vinanunua magamba hayohayo. Katika kijiji cha Kisiwani alikuwapo mhunzi anayewafulia Wamaasai visu kwa springi za malori. Kama yupo, mwombe afagie sakafu yake.

Mengine matatu. Kwanza, moto wako ulikuwa na mkaa mwingi na hewa chache. Moto wa hivyo unakinyang'anya chuma hewa yake. Tumia kuni kavu, toboa mlango wa pili chini ya tanuri, hewa ipite kwa nguvu.

Pili, hatuna kipimajoto, basi tutaweka mashahidi. Finyanga vikombe vitatu vidogo vyenye vifuniko, weka unga wa mkaa kidogo ndani ya kila kimoja. Cha kwanza tia kipande cha shaba nyekundu, cha pili kipande cha chuma cha kusubu, yaani cha kumiminwa, kutoka chungu cha chuma kilichovunjika, cha tatu msumari. Viwili vya kwanza vikiyeyuka na msumari ukabaki mzima, joto limefika panapotakiwa. Vitunze vikombe hivyo, usivitupe.

Tatu, mchanganyiko wa mpira usukume kwa chupa juu ya ubao, kama chapati, mara nyingi. Punje zake ni bapa. Ukizisukuma zinalala pamoja, na zikilala pamoja zinasaidiana.

Nifanyie na hili: ukifaulu, nitumie vipande kadhaa kwa njia ya haraka kuliko zote, pamoja na vikombe. Andika anwani mpya iliyo nyuma ya bahasha, si ya bweni.

Meza ya kwako niliichezea tangu utoto. Haijawahi kulala upande. Mama naye nimemwuliza, amenijibu habari za mbuzi. Mnanificha nini?

Lukia


Vudee
10 Mei 1992

Mwanangu Lukia,

Salamu nyingi. Mvua za masika zimekuwa nzuri, mahindi yamesimama vizuri, na hilo ndilo linalonitia haraka.

Mhunzi wa Kisiwani ni Mzee Hamisi, yupo. Nilimkuta anafua kisu. Nikamweleza nataka takataka za sakafuni kwake. Akauliza, "Za nini?" Nikasema, "Za kutengeneza sumaku." Akaweka nyundo chini. "Basi si takataka," akasema. "Nitakuja nazo mwenyewe nione." Alipanda mlima na gunia la magamba na kiriba chake, kikawa cha tatu, akakaa kwetu siku nane. Mama yako alimpikia makande mpaka akaomba mapishi.

Magamba tuliyachoma kikaangoni yakawa mekundu kama vumbi la Same. Tukawasha tanuri kwa kuni za mkaratusi, milango miwili kama ulivyosema. Hamisi hatazami saa, anatazama rangi. Nyekundu ikapita, ya chungwa ikapita, ikaja njano inayouma macho. Akasema, "Hapa ndipo chuma kinapoanza kulia. Tushike hapa." Tukashika hapo kwa muda wa saa mbili, tukipokezana viriba.

Tulipofungua kesho yake, shaba ilikuwa tone. Chuma cha kusubu kilikuwa kimelala chini ya kikombe. Msumari ulikuwa msumari.

Kusaga ndiko kulikotutoa jasho. Tulitia vipande ndani ya mkebe wa rangi pamoja na goroli za bearingi, tukaufunga kwenye gurudumu la baiskeli, tukazungusha siku tano. Mimi, Hamisi, mama yako, na wanawake wa kikundi waliopita njia na kujitolea. Kisha solusheni, kisha chupa na ubao. Tukakata vipande vya ukubwa wa kiberiti.

Betri zangu zilikuwa dhaifu kwa kazi ya kuvipa usumaku, kwa hiyo nikateremka navyo hadi Makanya, kwenye malori ya jasi. Madereva walinipa betri nne kwa muda wa chai yao. Nikazifunga kwa mfuatano, koili ya waya mnene, na waya mwembamba wa kukatika katikati kama fyuzi. Kila kipande mlio mmoja na moshi kidogo. Kipande cha nne nilikisogeza karibu na boksi la misumari la dereva mmoja, na misumari ikaondoka ndani ya boksi ikakifuata. Dereva akaniuliza kama ni dawa.

Kinashika msumari wa inchi mbili. Wa inchi nne unakishinda, huo nitauzuia kwa wavu.

Sasa jibu lako. Mama yako amesema kama siandiki yeye ataandika. Mwezi wa tisa chekeche lilipopasuka, kipande kiliniingia jicho la kulia. Nesi Hedwiga wa zahanati alinisindikiza mwenyewe hadi hospitali Moshi. Hawakuweza kuliokoa. Nilinyamaza kwa kuwa nakufahamu: ungefunga sanduku siku ileile. Sikukusomesha uje kunishika mkono njiani. Njia naiona.

Nimekutumia vipande sita na vikombe vitatu, nimevifunga kwenye kipande cha kanga ya mama yako. Padri mmoja anasafiri kwenda Ulaya, atavitia posta ya huko.

Nimekujibu. Na wewe nijibu: kwa nini anwani si ya bweni? Na kwa nini barua yako iliandikwa nyuma ya karatasi za mtihani wa mtu mwingine?

Mjomba wako,
Zefania


Sankt-Peterburg
12 Julai 1992

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama ngazini, nikakaa hapohapo. Lolote nitakalosema kuhusu jicho litakuudhi, kwa hiyo sitalisema kwa barua.

Nami nakujibu. Tangu Januari posho haiji. Bweni lilitaka fedha ambazo sina, nikatoka. Nimekuwa nikilala katika stoo ya maabara kwa ruhusa ya profesa wangu, na alfajiri nafagia theluji na kupakia mikate katika duka la kuoka. Wenzangu wengi wamerudi nyumbani. Hayo yote ningeyavumilia bila kukuambia. Lililonishinda ni tanuri. Chuo kilikosa umeme wa kutosha na tanuri letu likazimwa mwezi wa Februari. Nilikuwa na nadharia kurasa mia, na sina hata kipande kimoja nilichotengeneza. Profesa aliniambia, "Bila sampuli, Lukia, hakuna utetezi." Ndiyo maana nikakuomba vipande. Nilikuacha udhani yote ni kwa ajili ya mashine yenu. Vilikuwa pia kwa ajili yangu, nami niliona aibu kusema.

Kifurushi kilifika tarehe kumi na tisa Juni. Vyombo vya kupimia havihitaji umeme mwingi, nikapima siku nne mfululizo. Nguvu ya vipande vyako ni theluthi mbili ya mpira wa kiwandani. Lakini ukaidi wake, yaani jinsi unavyokataa kupokonywa usumaku, umeupita wa kiwandani. Ni kwa sababu ya siku tano za kuzungusha mkebe. Hakuna kiwanda kinachosaga siku tano.

Utetezi ulikuwa tarehe tatu. Mzee mmoja wa jopo, mkali kuliko wote, akauliza, "Tanuri la aina gani?"

"La udongo. Kuni za mkaratusi, viriba vitatu."

"Na joto umelipimaje?"

Nikaweka vikombe vitatu mezani. Akavichukua kimoja kimoja, akakivunja cha shaba kwa kisu chake cha mfukoni, akalitazama tone. Akachukua msumari akaukwaruza kwa kucha.

"Aliyechoma ana shahada gani?"

"Mmoja ni fundi wa mashine ya kusaga. Mwingine ni mhunzi."

Alivua miwani, akaandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akasema, "Majina yao yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza. Endelea."

Nimefaulu, Mjomba. Ukurasa wa kwanza una jina lako na la Mzee Hamisi kwa herufi za Kirusi.

Sasa nina jambo. Kiwanda kimoja cha sumaku Ujerumani kimeandika kuniita. Kuna mshahara, kuna chumba chenye joto. Nauli yangu ya kurudi nyumbani ipo hadi mwisho wa Oktoba, ikipita hapo imepotea. Sijamjibu mtu yeyote. Nakuuliza wewe kwa kuwa mama atalia, na mtu hawezi kuamua mtu akilia. Nifanye nini?

Lukia


Vudee
23 Agosti 1992

Mwanangu Lukia,

Barua yako tuliisoma wote, Hamisi akiwapo. Aliomba nimsomee mara mbili pale penye jina lake, akauliza kwa Kirusi linaonekanaje. Mwandikie. Mama yako alilia kama ulivyosema, kisha akaenda kuwaambia watu wa kanisani.

Mashine imefunguliwa tarehe ishirini Julai. Kamati ilitaka jaribio. Mwenyekiti alitia mwenyewe misumari thelathini kwenye debe la mahindi, akamwaga. Tuliondoa bamba nililobandika vipande vya sumaku tukahesabu: ishirini na nane. Miwili ilikuwa ya inchi nne, imekwama kwenye wavu. Akatoa funguo mfukoni akaniwekea kiganjani, akaenda zake bila hotuba. Hajawahi kufanya hivyo.

Tangu siku hiyo, kila jioni nafuta bamba kwa kitambaa. Sitakuhesabia niliyoyakuta. Hakuna aliyeumia, wala mwenye mashine wala mla ugali.

Sasa watu wa mashine za Kisiwani na Mwembe wamekuja kuuliza. Nimewaambia wasubiri. Unga wako mweupe umebaki wa kuchoma mara moja tu, tena safari hii nataka vipande vya kushika msumari wa inchi nne, na namna ya kuvifanya siijui. Hamisi anadhani tuongeze joto. Mimi nadhani tuzidishe kusaga. Tumebishana wiki mbili. Tumekubaliana kungoja mpaka amalize visu vya wateja wake, kisha tutachoma Jumatatu ya kwanza ya Novemba, kwa namna yangu au ya kwake.

Umeniuliza ufanye nini. Chumba chenye joto ni kitu kizuri, na aliyelala stoo hachekwi akikitaka. Ukienda Ujerumani nitasema mpwa wangu yuko Ujerumani, nami nitasema kwa kichwa kilichoinuka. Sikuambii urudi. Nimekuambia tu tarehe ya kuchoma.

Mjomba wako,
Zefania


TELEGRAMU
Imepokelewa Posta ya Same, 30 Oktoba 1992

ZEFANIA VUDEE SAME
NIMEFIKA DAR NA KILO KUMI UNGA MWEUPE. WOTE WAWILI MMEKOSEA. MSIWASHE TANURI BILA MIMI.
LUKIA